Chokaa Ng'ambo ya Kijito

Vijana wa karakana wanakuja, wanasimama ng'ambo ya kijito, wanapaza sauti: "Shikamoo, fundi!" Nami naitika nikiwa mlangoni kwangu: "Marahaba!" Kisha yanaanza maswali. Fundi, mshono mzuri unajulikanaje? Fundi, nitajuaje kama chuma kimeshikana mpaka ndani? Hawavuki kuja kwangu na mimi siendi kwao, kwa sababu nyumba yangu imo katika metimani. Sisi Wairaqw, ambao wengine wanatuita Wambulu, mauti yakiingia katika nyumba, nyumba hiyo inajitenga. Humpi mtu mkono. Huombi moto wala hutoi moto. Ng'ombe wako hawanywi mahali wanapokunywa ng'ombe wa wenzako, mpaka wazee waseme sasa imetosha.

Mke wangu amefariki masika haya. Vijana wanataka kuwa wakaguzi wa kazi ya kuchomelea, na koo langu limechoka kupiga kelele. Basi wameniwekea karatasi juu ya jiwe la kijitoni, nimeziokota, naandika. Lakini siwezi kuandika habari ya kukagua mshono nikamwacha mke wangu nje. Atakayetaka mambo ya chuma peke yake, avumilie.

Kwanza wajue anayewaandikia ni nani. Shule nilikaa mpaka nikajua kusoma na kuandika, baba akaniondoa nikachunge. Vita vilipokuja nikachukuliwa jeshini, wakanitupa Nairobi katika karakana ya magari, kazi yangu kubeba mitungi ya gesi na kufagia. Hakuna aliyenifundisha. Niliiba kazi kwa macho. Mzungu akichomelea, mimi nimesimama nyuma na ufagio, nautazama moto wake kupitia kipande cha chupa nyeusi. Siku moja fundi wao aliumwa, gari likahitajika, nikasema mimi naweza. Walicheka. Nilipomaliza hawakucheka tena. Niliporudi Mbulu, nasema bila kuona haya, kutoka Karatu mpaka Singida hapakuwa na mkono kama wangu, na jicho kama langu ndiyo kabisa halikuwapo. Bwana wa maji, Mzungu aliyesimamia visima na matangi ya wilaya, alinipa kazi ya kuchomelea, baadaye akanipa ya kukagua kazi za wengine. Mtu aliyeishia kujua kusoma! Nilijenga nyumba ya bati Dongobesh watu wakaja kuitazama.

Haya, sasa somo. Kuchomelea si kugandisha. Ukitupa tope juu ya jiwe, litashika, na likikauka utalibandua kwa kidole. Ndivyo ulivyo mshono mbovu: chuma kilichoyeyuka kimekaa juu ya chuma kisichoyeyuka. Mshono wa kweli ni kama maziwa ya asubuhi yaliyomiminwa katika maziwa ya jana, huwezi tena kuyatenganisha. Kingo zote mbili za mabamba ziyeyuke, na ile waya unayojazia iyeyuke, vitatu viwe kitu kimoja. Na ubaya wake ni kwamba kwa nje mshono mbovu na mshono wa kweli vinaweza kufanana kama mapacha. Ndiyo maana yupo mkaguzi.

Watu wengi wanadhani mkaguzi anafika kazi ikiisha, anatia sahihi, anapewa chai. Mimi nilikuwa nafika kabla moto haujawashwa. Naangalia kingo: zina kutu? Zina mafuta? Bamba nene limechongwa ukingo wake, ili moto upate njia ya kushuka mpaka chini? Moto ukiwaka natazama ulimi wake mweupe wa ndani. Ukiwa mrefu na wenye manyoya, gesi imezidi, moto unatia masizi katika chuma. Ukiwa mfupi mno na unapiga mluzi mkali, oksijeni imezidi, chuma kinaungua. Kazi ikiisha natazama kwa macho, nagonga kwa nyundo nasikiliza, na kama ni kitu cha kushika maji, natumia chokaa na mafuta ya taa. Hayo ya chokaa ndiyo nitakayoyaeleza sawasawa, maana ndiyo yaliyoingia nyumbani kwangu.

Bwana wa maji alitaka tangi kubwa la chuma lipelekwe Getanuwas, kule uwandani chini ya Hanang, ambako kiangazi kikikaza Wabarabaig wanatembeza ng'ombe mpaka wanyama wanaanguka njiani. Tangi lilikuwa litengenezwe Dongobesh, katika kiwanja kilichoko ng'ambo ya kijito, mkabala na nyumba yangu, kisha libebwe na lori. Nilikuwa nimeshapima mabamba na kuyachonga kingo. Msaidizi wangu alikuwa Mrangi kutoka Kondoa, Mwislamu, mtu wa maneno mengi, tuliyetaniana naye tangu siku tulipojuana. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mshono wake unapendeza. Macho yake yalikuwa na haraka.

Siku tuliyotaka kuanza, mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza. Nilikuwa kiwanjani. Kwetu mwanamume hakai pale, nami niliendelea kupanga vifaa nikijisifu kwa Mrangi kwamba akiwa wa kiume atashika kazi yangu, akiwa wa kike atanizalia mafundi. Kisha nikaona wanawake wanatoka nyumbani kwangu wameinamisha vichwa, hakuna vigelegele. Nilipovuka kijito nikafika mlangoni, kila kitu kilikuwa kimekwisha, hata kumfukia mtoto. Mzee wa ukoo aliniambia kwa upole, akiwa amesimama mbali: "Mwanangu, kaa sasa. Usitoke." Nikakaa. Metimani ikaanza.

Mke wangu aliacha kusema. Sisemi alinuna, wala sisemi aliugua. Alisaga, alikamua, alipika, alinitengea chakula, na hakutoa neno. Nikimwuliza jambo ananitazama kama mtu anayesikiliza kitu kilicho nyuma yangu. Mwanzoni nilisema ataacha. Siku zikapita, nikaanza kuogopa. Katika metimani hamna jirani wa kuja kumsemesha, hamna mama yake, hamna dada. Alikuwa na mimi tu. Na mimi ninayejua kuzungumza na watu sokoni mpaka wanasahau walichokuja kununua, nilishindwa kumtoa mwanamke mmoja neno moja. Nilijua kisa cha mwanamke wa ukoo wetu aliyenyamaza namna ile akaendelea kunyamaza mpaka akafa. Tangi, kazi, jina langu, vyote niliviona vidogo. Nilitaka nisikie sauti yake, hata kama ni ya kunitukana.

Nilijaribu kila kitu. Nilipokosa habari nyingine nikamweleza kazi yangu. Nilikaa naye nje tumeegemea ukuta, nikamwambia habari za ulimi wa moto, kingo, tope juu ya jiwe, maziwa ndani ya maziwa. Nilimweleza namna ya kujaribu tangi: nje ya mshono unapaka chokaa, unaiacha ikauke iwe nyeupe. Ndani unapaka mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni mwizi, yanapita mahali maji yasipopita. Kama pana ufa hata wa unywele, yatatoka nje, na chokaa itaonyesha alama ya giza. Alikuwa anachambua mboga. Sikujua kama ananisikia.

Ng'ambo kazi ilianza bila mimi. Bwana wa maji alikuwa amekuja, akasimama kijitoni akaniita nitoke, akaambiwa na vibarua kwamba haiwezekani. Akapandwa na hasira, akasema Mrangi amalize, kiangazi hakisubiri mambo yetu. Nilisikia moto ukiwaka nikajua hapohapo kuna kasoro. Fundi anaujua moto kwa sikio. Ule ulikuwa unalia kwa sauti nyembamba, kama mbu.

Nikashuka mpaka jiwe la kijitoni. "We Mrangi! Nozeli gani hiyo mdomoni mwa tochi yako ya gesi?"

Akazima, akaja upande wake wa maji. "Ya Katesh, bwana mkubwa! Nimeazima kwa yule mwenye lori."

"Hiyo ni ya kuzibia madebe! Bamba nene vile utaliyeyusha na pumzi ya mbu? Nozeli zangu zimo katika kisanduku changu, karakanani!"

"Nazijua nozeli zako. Vibarua wamesema nikifungua kisanduku kile wanarudi makwao. Moto wa nyumba ya msiba hauwashwi kwenye tangi la watu kunywa." Kisha akapunguza sauti. "Mimi si wa mila yenu, fundi, ningefungua. Lakini niinue mabamba na nani?"

Vibarua walikuwa watu wangu, na kusema kweli hata mimi, kama msiba ungekuwa wa mwingine, nisingependa moto wake ukae juu ya maji ya watoto wa watu. Ndilo kosa ambalo huko Nairobi hakuna mkaguzi angelifikiria. Angekagua waya, angekagua gesi, angekagua mkono wa fundi. Hangejua kwamba nozeli nzuri imelala katika kisanduku kwa sababu kitoto hakikuvuta pumzi ya kutosha.

Mrangi akamaliza mshono kwa nozeli ya Katesh. Akanipigia kelele kwamba umekaa kama ukili uliosukwa na bibi mwenye macho mazuri. Nikamwambia apake chokaa.

"Nipake chokaa tangi la ng'ombe? Kwani ni nyumba ya harusi, mnawaoza ng'ombe?"

"Paka! Halafu ingia ndani upake mafuta ya taa mshono wote, usiruke hata mahali pa kidole!"

"Anayejenga nyumba nusu imezama ardhini kama ya nungu ndiye ananifundisha mimi kupaka chokaa!"

"Yangu ya bati, mrina asali wewe! Paka!"

Akapaka. Jua lilikuwa linapiga ng'ambo ile, na tangi likang'aa jeupe. Nikasimama mlangoni nikikaza macho yangu haya yaliyosifiwa na maofisa. Nilitazama mshono wa juu, nikatazama ule wa kusimama, nikatazama wa chini. Nyeupe. Nikaanza kufikiri labda nimemwonea Mrangi, na nikavuta pumzi nimwambie tangi limepita.

Nyuma yangu sauti ikasema: "Pale chini."

Sikugeuka haraka. Niliogopa kwamba nimeisikia kichwani mwangu.

"Pale chini," mke wangu akasema tena, na sauti yake ilikuwa imekwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. "Karibu na lile gogo walilolikingia. Pameanza kuwa na giza."

Alikuwa ameshika kibuyu kifuani. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama tangi. Nami sikulitazama tangi, nilimtazama yeye, mpaka akaudhika. "Mbona hutazami? Na pale kushoto. Wewe si ulisema likionyesha giza limetoboka?"

Nikapiga kelele nikiwa na machozi, na Mrangi hakujua kwa nini sauti yangu imebadilika. "Chini! Karibu na gogo!"

"Sioni kitu!"

"Inama, mtu wangu! Gusa!"

Akainama. Akapitisha kidole juu ya mshono. "Wallahi," akasema, "pana unyevu." Kisha akasogea kushoto, akagusa, akashika kichwa.

Bila nozeli zangu nililazimika kufikiri kama mtu mwenye akili, na hilo sikosi. Nilimwambia achimbue mshono wote wa chini kwa tindo na nyundo mpaka afike chuma kisafi, atengeneze mfereji wenye umbo la mdomo wa ndege, mpana juu, mwembamba chini. Asugue kwa brashi ya waya. Kisha moto wa mkaa uwekwe chini ya bamba, mkaa uliowashwa na vibarua wenyewe kwa moto wa kwao, bamba lipate joto kabla ya tochi kugusa, ili ule moto mdogo usimalize nguvu zake kulipasha. Halafu ajaze kwa matabaka membamba, na kila tabaka alisugue kabla ya kuweka jingine. Alilalamika kwamba ninamtesa. Vibarua walimcheka. Lakini alichimbua, na alipochimbua alinionyesha kwa mikono kipande cha mshono kilivyobanduka kizima, kama ganda la muwa. Ulikuwa umelala juu. Chini yake kingo za bamba zilikuwa na alama za tupa yangu, kama siku nilipozichonga.

Jioni ile mke wangu alikuwa anakamua, nami nimeshika ndama. Nilikuwa naogopa kusema chochote, nisije nikaifukuza sauti. Yeye ndiye aliyeanza.

"Wewe hukumwona."

"Sikumwona," nikasema.

"Walimchukua upesi. Lakini mimi nilimtazama." Akaendelea kukamua. "Masikio yalikuwa yako. Haya yako makubwa. Kidole kidogo cha mguu kimejikunja ndani, kama cha mama yangu. Nywele nyingi, zimelala upande mmoja. Alifumbua jicho moja, la pili likakataa. Mkono huu alikuwa ameukunja, nilipotaka kuufungua walikuwa wameshamnyanyua."

Nikasema: "Endelea."

Akaendelea. Aliniambia kila kitu, kuanzia utosi mpaka kisigino, polepole, hakuruka mahali. Ndama aliniponyoka akaenda kunyonya maziwa yote, hakuna aliyemzuia. Nimekagua matangi, madaraja, majosho, magari ya serikali. Mwanangu wa kwanza nimemwona kwa macho ya mama yake, nimeshika kamba ambayo haina ndama.

Baada ya hapo tulilia pamoja, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya. Aliendelea kuwa mtu wa maneno machache, hata hivyo nyumba ikawa na sauti ya mtu mwingine zaidi ya yangu.

Mrangi alipomaliza mshono wa pili akapaka tena chokaa na mafuta. Tukatazama asubuhi, mimi na mke wangu, tumesimama bega kwa bega. Jua lilipopanda tangi lilikuwa jeupe kama yai. Mrangi akapiga kelele: "Limepita! Sema limepita nikale!" Nami nikatazama nikaridhika, nikafungua mdomo.

"Bado," mke wangu akasema. "Mwambie aliache mpaka kesho."

"Mafuta yangekuwa yameshatoka," nikamwambia.

"Kitu kinaweza kuanza vizuri," akasema. "Mwambie mpaka kesho."

Nikamwambia Mrangi. Alinitukana mpaka matusi yakamwishia ya Kirangi akaanza ya Kiswahili. Kesho yake tangi lilikuwa jeupe bado, na hapo mke wangu akatikisa kichwa kukubali. Lori likalibeba.

Wazee walipotutoa katika metimani, mahali pa kwanza nilipompeleka mke wangu ni Getanuwas. Tulimkuta mama mmoja wa Kibarabaig anateka maji, na ng'ombe wamejipanga nyuma yake. Mke wangu akamsalimia, akapita, akachuchumaa karibu na mguu wa tangi, akaweka kiganja juu ya mshono wa chini. Alikaa hivyo kitambo. Mama yule akaniuliza kwa Kiswahili cha kuvunjika: "Mkeo anatafuta nini?" Nikamwambia hatafuti kitu. Aliponyanyuka alikausha kiganja chake kwenye nguo, ingawa kilikuwa kikavu.

Tulipata watoto wengine, wako hai, wamesoma kuliko mimi. Tangi lile linashika maji mpaka leo. Tangu siku ile sikupitisha tangi lolote siku ileile. Mabwana walinung'unika, mafundi wakaniita kichwa kigumu, na nikiulizwa sababu nilisema ndiyo kanuni ya kazi. Vijana, andikeni hivyo: chokaa ilale. Sasa mmejua kanuni hiyo ilitoka kwa nani.

Metimani ya kwanza tulikuwa wawili. Hii niko peke yangu. Watoto wangu wameolewa na kuoa, wana moto wao. Najipikia. Nakamua, nimemfunga ndama mtini kwa sababu hakuna wa kumshika. Mrangi, mzee sasa na mvi, huja Ijumaa baada ya sala, anaacha chumvi na tumbaku juu ya jiwe, anarudi nyuma, ananitania kwa sauti kubwa, na mimi namrudishia. Halafu anaondoka, na ninasikia kijito tu.

Jana vijana walileta pipa kubwa walilolichomelea wenyewe. Wakaliweka ng'ambo, wakapaka chokaa, wakapaka mafuta ndani, wakaniita nilitazame. Nilitoka nikasimama mlangoni. Nilitazama mshono wa juu, nikatazama wa kusimama, nikatazama wa chini. Ulikuwa mweupe kote, au macho yangu hayaoni tena kama zamani. Nikageuza kichwa kumwuliza aliyekuwa akisimama kando ya bega langu la kushoto.

"Limepita, fundi?" wakaniita.

Nikawaambia bado. Waliache mpaka kesho.